Kwa Nini Kijani Inaruka Buluu

Kila nikiweka video nikifunga kebo ya intaneti, lazima atokee mtu aulize: "Buda, wewe ni A ama B?" Wanauliza vile watu huuliza Gor ama Ingwe, na vita inaanza hapo hapo. Wa A wanasema A ndiyo ya kitabu. Wa B wanasema A ni ya wazee. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hivyo leo naandika yote mara moja, na naanza na jibu lenyewe: kwa kasi, A na B ni kitu kimoja. Hakuna hata moja itakayofungua YouTube haraka kushinda nyingine.

Swali la maana ni lingine, na huwa haliulizwi. Angalia safu ya B, ile ambayo mafundi wengi niliofanya nao kazi hapa Eldoret wanaweza kuikariri wakiwa usingizini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Chungwa wako pamoja. Kahawia wako pamoja. Buluu wako pamoja pia, ingawa wamegeuzwa. Lakini kijani wametenganishwa, mmoja namba 3, mwingine namba 6, na buluu wamelala katikati yao kama mtoto kati ya wazazi. Kwani nani aliamua hivyo? Mtu mwenye akili timamu akipewa waya nane za rangi nne angezipanga mbili mbili na kwenda nyumbani.

Hii sikufunzwa darasani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikawa stori ndefu, nikarudi kwetu Plateau na kuanza kumfuata fundi mmoja aliyekuwa akivuta kebo kwa maduka, shule na nyumba za kupangisha, kuanzia huku kwetu hadi Eldoret mjini. Rangi alinifunza kama wimbo. Nilipomuuliza sababu akasema, "Ndivyo ilivyo, wewe shika tu." Hakuwa ananificha kitu. Hata yeye alipewa hivyo hivyo na aliyemfunza. Sababu niliitafuta baadaye, usiku, kwa bando zangu, na kumbe ni historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Tuanzie kwa simu. Waya mbili zikipita karibu na waya zingine, zinavuta kelele. Umeme wa jirani, simu ya jirani, kila kitu kinavujia ndani. Dawa yake ni ya zamani sana: mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alipata hataza ya kusokota waya mbili pamoja. Inafanya kazi hivi. Mawimbi yanatumwa kwenye waya zote mbili kwa kinyume, moja ikipanda nyingine inashuka. Upande wa pili, mashine inasoma tofauti kati ya hizo mbili. Kelele ikiingia, inagonga waya zote mbili karibu sawa, na ukitafuta tofauti, kelele inajifuta yenyewe. Kusokota ndiko kunahakikisha kwamba zinagongwa sawa. Ni kama wasee wawili wanaotembea kando ya barabara ya matope huku wakibadilishana upande kila hatua. Gari likipita, wote wanachafuka kiasi kile kile.

Chuna kebo ya Cat5e ujionee. Jozi nne, na kila moja imesokotwa kwa idadi yake, moja imebana sana, nyingine imelegea kidogo. Si kiwanda kilikosea. Zikisokotwa sawasawa, waya zile zile za majirani zitakuwa zinakutana pale pale kila mara, na zitaanza kusikizana. Kwa hivyo weka hii akilini maana ndiyo moyo wa stori yote: kitu muhimu ndani ya kebo ni jozi. Rangi ni lebo tu ya kukuonyesha nani ameoa nani.

Rangi zenyewe zilitoka kwa kampuni za simu za Marekani, zile zilizoitwa Bell System, chini ya AT&T. Walikuwa na kebo zenye jozi nyingi, ishirini na tano kwa furushi moja, na fundi aliye juu ya nguzo alihitaji kujua jozi gani ni ya nani bila kushuka. Wakapanga: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, na kila moja ina mwenzake mweupe kwanza. Jozi ya kwanza buluu. Ya pili chungwa. Ya tatu kijani. Ya nne kahawia. Kebo yako ya intaneti ni zile jozi nne za mwanzo za orodha hiyo, ndiyo maana hutawahi kukuta nyekundu humo ndani.

Halafu soketi. Miaka ya 1970 Marekani ikaweka sheria ya jinsi vifaa vya simu vitakavyochomekwa kwenye mtandao wa simu, na kila mpangilio ukapewa jina linaloanza na RJ. (Kwa njia, ile RJ45 ya kweli ya wakati huo ilikuwa kichwa chenye kijino cha pembeni, kwa kazi tofauti kabisa. Hiki tunachoita RJ45 leo kiliiba jina. Usimwambie muuza duka, atakuuzia kwa bei ya wasomi.) Mpangilio wao wa simu ulikuwa mwerevu sana. Jozi ya kwanza ilikaa katikati kabisa. Jozi ya pili ikaizunguka, waya moja kushoto, moja kulia. Ya tatu ikazunguka hizo. Kama vitunguu. Faida yake ni kwamba kichwa kidogo cha simu ya laini moja ukikichomeka kwenye soketi kubwa, bado katikati inakutana na katikati. Simu inalia.

Umeona sasa? Buluu wako namba 4 na 5, katikati, kwa sababu pale palikuwa pahali pa simu ya nyumbani. Na jozi inayotenganishwa ikakaa 3 na 6 kwa sababu inazunguka buluu. Mpangilio unaofunga leo ili mtu wa Plateau aangalie mechi ulipangwa ili simu ya mezani ya Mmarekani isikose mlio.

Lakini vitunguu vina shida. Ukiendelea kuzungusha, jozi ya nne inaishia namba 1 na 8, ncha mbili za kichwa. Kwa sauti ya mtu hiyo ni sawa. Kwa data inayokwenda kasi si sawa, maana waya za jozi moja zikiachana hivyo zinapoteza ile kinga ya kusokotwa. Kwa hivyo AT&T kwenye mpangilio wao wa data, ulioitwa 258A, wakaacha zile mbili za katikati zikae kama kitunguu, kisha za pembeni wakaziweka bega kwa bega: 1 na 2, 7 na 8. Hiyo 258A ndiyo B unayoijua. Rangi kwa rangi.

Mbona basi kuna A? Tarehe 1 Januari 1984 AT&T ilivunjwa vipande. (Mwaka huo huo huku kwetu ndio Moi University ilianzishwa, kule Kesses.) Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa cha kampuni moja, waya yake, soketi yake, sheria yake. Baada ya hapo kila muuzaji wa kompyuta alikuwa na kebo yake. Ukinunua mashine za kampuni hii unavuta waya hii, ukihamia kampuni ile unabomoa ukuta tena. Mwaka 1985 kampuni za kompyuta zikaomba chama cha watengenezaji wa elektroniki, EIA, kiandike kiwango kimoja cha kutandaza waya ndani ya majengo. Ilichukua miaka. Julai 1991 kikatoka kwa jina EIA/TIA-568.

Sasa hapo wakakutana na tatizo ambalo Mkenya yeyote anaelewa: kuna watu tayari wameshajenga. Walitaka mpangilio unaokubaliana na simu za zamani za laini mbili, ambapo jozi ya pili, chungwa, lazima ikae 3 na 6. Hiyo ikawa A, na ndiyo waliyoipendekeza. Lakini majengo mengi yalikuwa yameshavutwa 258A, ambapo 3 na 6 ni kijani. Huwezi kuwaambia watu wote hao wabomoe. Kwa hivyo wakaruhusu zote mbili. A na B ni kijani na chungwa kubadilishana viti, basi. Kiwango kilichoandikwa ili kuwe na njia moja kikazaliwa na njia mbili, na ndio sababu wewe na mimi tunabishana miaka zaidi ya thelathini baadaye.

Ikazidi kuwa noma mwaka 2001. Toleo jipya la kiwango chote likaitwa TIA/EIA-568-B, maana lilifuata 568-A la 1995. Watu wengi wakadhani mpangilio B umechukua nafasi ya A. La. Hilo lilikuwa jina la kitabu tu, na ndani ya hicho kitabu A bado ipo na bado inapendekezwa. Wa B wanaosema A imepitwa, mko hapa.

Na huku kwetu? Waya za mtandao zilifika zikiwa na sheria zao tayari. Simu zetu zote zilikuwa za shirika moja, KP&TC, hadi lilipogawanywa 1999. Africa Online ilianzishwa 1994 na Wakenya watatu waliokuwa wamesomea Boston. Halafu zikaja saiba, dakika kwa shilingi kadhaa, na Julai 2009 kebo ya SEACOM ikawashwa pale Mombasa na bei ikaanza kuporomoka. Wakati wa saiba sikuwa mtu wa kompyuta, nilikuwa mtoto, lakini fundi wangu aliziunganisha nyingi na ananiambia ujanja mmoja uliokuwa maarufu: kebo moja, kompyuta mbili. Mitandao ya 10 na 100 hutumia jozi mbili pekee, zile za 1, 2, 3 na 6. Jozi mbili zinabaki bure. Kwa hivyo unazifungia kichwa kingine na umeokoa mita nzima za kebo.

Ilifanya kazi vizuri tu. Tatizo ni kwamba gigabiti, ambayo kiwango chake kilitoka 1999, inataka jozi zote nne. Nimefungua kuta za jengo moja la maduka ambapo mwenye nyumba alinunua ruta mpya ya bei kali na akakwama pale pale pa zamani, kwa sababu nyuma ya ukuta waya nne zilikuwa zimeenda kwa jirani tangu enzi za Windows XP.

Ujanja mwingine wa enzi hizo ni krosova, A upande mmoja na B upande wa pili, ya kuunganisha kompyuta mbili bila swichi. Hiyo ilikuwa kazi pekee ambapo tofauti ya A na B ilikuwa na maana. Wahandisi wa HP wakabuni njia ya mashine kujigundua na kujigeuza yenyewe, na leo krosova unaikuta tu kwenye droo za wazee.

Sasa nije kwa kitu kilichonifanya niandike hii yote.

Kuna shule moja ya sekondari, sitaitaja, iliyotuita kwa sababu maabara ya kompyuta ilikuwa "mbovu". Kompyuta kama ishirini. Za karibu na swichi zilikuwa zinajikaza, za nyuma kabisa zilikuwa zinakatika kila dakika. Wanafunzi walikuwa wameshazoea kukaa watatu watatu mbele. Mwalimu alikuwa ameambiwa kwamba mashine ni kuukuu, na shule ilikuwa inapanga kuomba wazazi pesa za kununua zingine. Wazazi wa huku, tukumbuke, ni watu wa mahindi na viazi. Pesa yao inategemea mvua.

Tukatoa testa. Taa zote nane zikawaka kwa mpangilio, moja hadi nane, safi. Mtu mwingine angesema kebo ni nzima na kuondoka. Fundi wangu akainama akaangalia vichwa. Rangi zilikuwa zimepangwa vizuri ajabu: chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili. Pande zote mbili sawa. Ilipendeza hata kwa macho.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mashine inapokea data kwa namba 3 na 6. Kwa mpangilio ule, namba 3 ilikuwa ya jozi ya kijani na namba 6 ilikuwa ya jozi ya buluu. Mawimbi yalikuwa yanasafiri kwa waya mbili ambazo hazijasokotwa pamoja, kila mmoja amelala na mke wa mwenyewe. Ile kinga ya Bell ya 1881 ilikuwa imezimwa. Kwa mita tano unaweza usione. Kwa mita arobaini unaona kila siku. Na testa ya bei rahisi haiwezi kukuambia, maana yenyewe inauliza swali moja tu: je, waya inafika? Inafika, ndiyo. Haiulizi inafika na nani.

Tulikata vichwa vyote tukafunga upya, siku moja na nusu. Kompyuta zile zile, swichi ile ile. Hawakununua kitu isipokuwa vichwa.

Nimefikiria sana kuhusu yule aliyezifunga mwanzo. Watu walimcheka na kusema ni mkora. Sidhani. Nadhani alikuwa amesahau wimbo, akatumia akili yake, na akili yake ilimwambia kitu cha busara kabisa: rangi zinazofanana zikae pamoja. Angepewa sababu, sentensi mbili tu, kwamba 3 na 6 ni jozi moja kwa ajili ya simu ya zamani, asingeweza kukosea hata akisahau rangi zote. Alipewa sheria bila sababu yake. Sheria ya namna hiyo ikivunjika huna pa kuanzia kuitengeneza.

Na kwa nini sababu haikumfikia? Kwanza, hati yenyewe ya kiwango inauzwa, na bei yake ni mamia ya dola. Fundi wa mtaani hatainunua. Pili, sisi tunaojua kidogo tunapenda kufundisha kwa kelele, "shika tu rangi". Huko ni kujilinda, maana mwanafunzi akijua sababu atakuwa mshindani kesho. Na wale wenye vyeti wanatuita sisi watu wa waya. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina leseni za wakandarasi na mafundi wa mawasiliano, sawa kabisa, sina ubaya nayo. Lakini leseni haitavuta kebo ya shule ya huku. Itavutwa na kijana kama mimi, kwa elfu mbili tatu za siku, na maabara ya watoto itategemea alichoambiwa.

Ukiishi Plateau hii habari ya kipimo kilichotoka mbali si ngeni. Tuna stesheni kwenye reli ya zamani, ile iliyopanda kutoka Nakuru kupitia Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, ikafika Eldoret mwaka 1924. Upana wake ni mita moja kati ya chuma na chuma. Hatukuuchagua. Ulichaguliwa kwa sababu India ilikuwa na reli za upana huo, na injini, mabehewa na mafundi vingetoka huko. Ilikuwa sababu nzuri kwa mwaka wake. Halafu ikaja SGR, milimita 1,435, Mombasa hadi Nairobi 2017, kisha Naivasha 2019. Pale Naivasha kontena inayokwenda Malaba inabidi ishushwe na kupakiwa upya kwenye behewa la mita moja, kwa sababu magurudumu hayaingiliani. Hiyo ni A na B ya taifa zima, na hakuna mashine ya HP ya kuigeuza.

Kwa hivyo mkiniuliza mimi ni nini, mimi ni B. Si kwa sababu ni bora. Ni kwa sababu nikifungua soketi yoyote kati ya hapa na Eldoret, nyingi nazikuta B, na kazi yangu ni kuendeleza jengo, si kushinda ubishi. Nikikuta jengo limefungwa A, nafunga A na naandika A kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kabati la swichi, pamoja na tarehe. Sifungui msokoto zaidi ya sentimita moja hivi kabla ya kichwa. Na sinunui ile kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu hata ikiwa nusu bei. Kiwango kinataka shaba tupu, na ikiwasha kamera mbali utajua kwa nini.

Wengine mtaniambia hii stori inakufa maana sasa kila mtu anavutiwa faiba. Ni kweli zinapita kwenye nguzo hadi huku, na mwezi uliopita nilikaa na timu moja iliyokuwa inaunganisha. Jamaa alifungua kebo, nyuzi kumi na mbili nyembamba kama nywele, kila moja na rangi yake, akaanza kuzipanga kwa mdomo: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, na ya mwisho samawati ya bahari. Zile tano za kwanza ni zile zile za Bell System, mpangilio ule ule. Nikamuuliza kama anajua zilikotoka. Akasema, "Ndivyo ilivyo." Tukakaa chini ya nguzo nikamsimulia.